Texas imepiga marufuku Common Core: je, wanangu watarudishwa nyuma?

"Shikamoo mwalimu. Tunaishi Illinois tangu tulipoletwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na mwezi wa saba tunahamia Fort Worth, Texas, kwa ajili ya kazi ya mume wangu. Shule zikifunguliwa, mtoto wangu wa kwanza ataingia darasa la kumi, wa pili la saba na wa mwisho la nne. Ndugu yetu aliyetangulia huko anasema Texas ina sheria inayokataza Common Core, na hicho ndicho watoto wangu wamesomeshwa miaka yote hapa. Anasema waliyosoma hayatatambuliwa, na kwamba mwalimu wa huko akifundisha hesabu kwa njia ile anaweza kufukuzwa kazi. Jirani naye anasema Common Core iliandikwa na serikali kuu na Texas ilifanya vizuri kuikataa. Nimechanganyikiwa. Watoto watarudishwa darasa? Je, mume atangulie sisi tubaki mwaka mmoja zaidi?"

Marahaba, mama. Barua yako ina hofu tatu zilizofungwa pamoja, na afadhali tuzifungue moja moja kwa sababu kila moja ina jibu lake. Ya kwanza ni kwamba sheria ya Texas inayokataza Common Core, yaani orodha ya pamoja ya majimbo mengi ya kile ambacho mtoto anapaswa kukijua katika hesabu na lugha kila darasa, imeyafuta masomo ya watoto wako. Ya pili ni kwamba mwalimu ataadhibiwa akifundisha kwa namna fulani. Ya tatu hukuisema waziwazi, lakini naona ndiyo inayokunyima usingizi: kwamba watoto watajikuta nyuma ya wenzao na wewe hutakuwa na la kufanya. Mbili za kwanza hazina msingi. Ya tatu inao kidogo, ila chanzo chake sicho hicho ulichoelezwa, na sehemu kubwa ya dawa yake unaweza kuianza kabla hamjafunga mizigo.

Sheria yenyewe ipo, ndugu yenu hakuitunga. Ili uielewe ni lazima kwanza uachane na picha ya elimu tuliyokulia nayo wengi wetu. Tanzania ina Taasisi ya Elimu inayoandaa mtaala na Baraza la Mitihani linalotahini nchi nzima, na Kongo mwanafunzi wa Bukavu na wa Kinshasa humaliza sekondari kwa mtihani mmoja wa taifa. Marekani haina kitu cha namna hiyo. Katiba yake haitaji elimu hata mara moja, na Marekebisho ya Kumi ya mwaka 1791 yanayaachia majimbo na wananchi kila mamlaka ambayo Katiba haikuipa serikali ya shirikisho. Zaidi ya hapo, sheria iliyounda Wizara ya Elimu ya Marekani mwaka 1979 inaikataza wizara hiyo kusimamia mtaala wa shule yoyote. Kwa hiyo kila jimbo lina orodha yake ya mambo ambayo mtoto anapaswa kuyajua katika kila darasa, na kabla ya 2010 orodha hizo zilitofautiana sana. Sheria ya elimu iliyotiwa saini Januari 2002 iliyalazimisha majimbo kuwapima watoto kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane katika kusoma na hesabu, lakini ikaliachia kila jimbo lijipangie alama ya kufaulu, na baadhi ya majimbo yakaona ni rahisi zaidi kushusha kizingiti kuliko kuwainua watoto.

Hapo ndipo jirani yako anapokosea, ingawa hakosei moja kwa moja. Common Core haikuandikwa na serikali kuu. Ilianzishwa mwaka 2009 na vyombo viwili vya majimbo yenyewe, yaani chama cha magavana na baraza la wakuu wa elimu wa majimbo, vikawakusanya wataalamu wa hesabu na wa lugha, na viwango vilitangazwa Juni 2010. Kentucky ilivikubali mapema zaidi, Februari mwaka huohuo, kabla hata havijakamilika. Hatimaye majimbo 45 pamoja na Washington DC yalivipokea vyote, Minnesota ikachukua vya lugha tu ikaacha vya hesabu, na Texas, Virginia, Nebraska na Alaska hazikuvipokea kabisa.

Lakini fedha za Washington zilikuwa jikoni wakati chakula kinapikwa. Serikali ya Rais Barack Obama ilikuwa imetenga dola bilioni 4.35 za ruzuku ambazo majimbo yaliyokuwa yametoka kuumizwa na mdororo wa uchumi yalizishindania kwa alama, na katika alama 500 za shindano hilo, 40 zilitolewa kwa jimbo lililoshiriki kuandaa na kupokea viwango vya pamoja. Hakuna aliyelazimishwa kisheria, ila ni vigumu kumwambia mwenye njaa kwamba yuko huru kukataa sahani. Gavana wa Texas wakati huo, Rick Perry, alikataa kushindana tangu Januari 2010, akisema jimbo lake halitauza mamlaka yake juu ya shule. Walikuwapo pia waliopinga kwa sababu za kitaaluma. Katika kamati iliyoundwa kuvithibitisha viwango hivyo, James Milgram, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Stanford, na Sandra Stotsky, mtaalamu wa lugha, walikataa kutia saini. Kwa hiyo mtu akikuambia wapinzani wote walidanganywa na siasa, usimwamini; na akikuambia serikali kuu ndiyo iliyoandika, usimwamini pia.

Jambo la pili linalohitaji kunyooshwa ni kuita Common Core mtaala. Ni viwango, na viwango vinafanana na vipimo anavyopewa fundi cherehani: urefu, kiuno, mabega. Kitambaa, mshono na vifungo vinaamuliwa kwingine. Kiwango kinasema kwamba mtoto anapomaliza darasa la tatu awe anajua kwa kichwa majibu yote ya kuzidisha namba mbili za tarakimu moja. Hakisemi atumie kitabu gani, asome saa ngapi, wala mwalimu asimame wapi. Vitabu huchaguliwa na wilaya za shule, na wachapishaji wengi walipoona soko jipya walibandika jina la Common Core juu ya majalada ya kila aina ya vitabu, vizuri na vibaya. Naamini nusu ya hasira za wazazi wa Marekani ziliwashwa na kazi za nyumbani za vitabu hivyo, si na viwango vyenyewe.

Chukua hesabu ambayo bila shaka umeiona mezani kwako: 43 kutoa 28. Wewe na mimi tulifundishwa kuziandika wima, tatu haitoi nane, tukakopa kumi kwa jirani, tukapata 15. Mtoto wako huenda alichora mstari wa namba, akaanza kwenye 28, akaruka 2 kufika 30, akaruka 10 kufika 40, akaruka 3 kufika 43, kisha akajumlisha miruko yake: 2 na 10 na 3 ni 15. Mzazi akiona hivyo husema, "Wameharibu hesabu." Hawakuharibu, muuza duka anayekurudishia chenji anafanya hivyohivyo. Njia ya kukopa nayo haikufutwa, maana viwango vya Common Core vinaidai kwa jina kwa kujumlisha na kutoa katika darasa la nne, kwa kuzidisha katika la tano, na kwa kugawanya katika la sita. Na huko Texas, ambako Common Core imekatazwa, watoto wa darasa la pili wanatakiwa kutoa kwa mbinu za kichwani zinazotegemea thamani ya nafasi ya tarakimu, kwa hiyo mstari wa namba utakutana nao tena. Kama kuna aliyewaahidi wazazi kwamba marufuku itaiondoa michoro hiyo mezani, aliahidi kitu ambacho hakimo katika sheria.

Sasa tuisome hiyo sheria. Ilipitishwa na bunge la Texas mwaka 2013 kama Muswada wa Baraza la Wawakilishi namba 462, miaka mitatu baada ya Texas kuwa imeshaikataa Common Core bila sheria yoyote. Inafafanua kwanza inachokikataza: viwango vya taifa vilivyotengenezwa na mradi ule wa Common Core. Kisha inaikataza Bodi ya Elimu ya Jimbo kuvipokea, inaikataza idara ya elimu ya jimbo kutunga mtihani unaotokana navyo, na inazikataza wilaya za shule kuvitumia ili kutimiza wajibu wao wa kufundisha viwango vya Texas vyenyewe, ambavyo kwa kifupi huitwa TEKS. Mwaka 2014 seneta mmoja wa jimbo, Dan Patrick, alimwomba Mwanasheria Mkuu, Greg Abbott, aeleze kama wilaya inaweza kupita mlango wa nyuma, naye akajibu kwamba haiwezi. (Leo Abbott ni gavana na Patrick ni makamu wake, kwa hiyo usitegemee marufuku hiyo kulegezwa kesho.)

Angalia sheria inazungumza na nani: bodi, idara, wilaya. Haizungumzi na mwanao. Haisemi kwamba mtoto aliyesoma jimbo jingine cheti chake ni batili, wala haina kifungu cha kumfukuza mwalimu aliyechora mstari wa namba ubaoni. Inakataza chanzo kutumika kama chanzo. Kujumlisha sehemu zenye asili tofauti hakukuvumbuliwa na Common Core, na hakuna bunge linaloweza kulikataza somo hilo kwa sababu tu jimbo jingine limeliandika kwenye orodha yake. Mtoto wako ataandikishwa shuleni kwa ripoti zake za Illinois kama anavyoandikishwa mtoto aliyetoka Florida au Ohio.

Huenda ikakusaidia kujua kwamba Texas haiko peke yake, na kwamba yaliyotokea kwingine yanaonyesha vizuri kile ambacho sheria za aina hii hubadilisha na kile ambacho haziwezi. Machi 2014 gavana wa Indiana, Mike Pence, alitia saini sheria iliyolifanya jimbo lake kuwa la kwanza kujitoa katika Common Core baada ya kuipokea. Mwezi uliofuata bodi ya elimu ikapitisha viwango vipya vilivyoandikwa haraka, na wapinzani haohao wa Common Core, Stotsky akiwa mmojawapo, wakalalamika kwamba ni vilevile vilivyobadilishwa jina. South Carolina na Oklahoma zikafuata mwaka huohuo. Oklahoma ilichukua njia kali zaidi: gavana Mary Fallin alitia saini Juni 2014, na shule zikaamriwa kurudi kwenye viwango vya zamani mpaka vipya viandikwe. Kwa kuwa viwango hivyo vya zamani havikuwa vimethibitishwa kwamba vinamwandaa mtoto kwa chuo na kazi, Washington ikaliondolea jimbo msamaha wa masharti ya ile sheria ya 2002 mwezi Agosti. Vyuo vya jimbo vikapitia viwango hivyo, vikathibitisha kwamba vinafaa, na msamaha ukarudi Novemba. Fikiria walimu waliokuwa katikati ya mwaka huo, wameshaandaa masomo kwa orodha moja, wanaambiwa waende kwa ya zamani, huku wakijua ya tatu inakuja. Viwango vipya vya Oklahoma vilipatikana 2016. Mimi nikiulizwa kasoro kubwa ya sheria hizi, nitataja hiyo ya kuwayumbisha walimu kabla ya kutaja falsafa yoyote ya mamlaka ya majimbo.

Majimbo mengine, kama Missouri, North Carolina na Tennessee, yaliunda kamati za mapitio, na Florida ikaandika viwango vyake vipya mwaka 2020 kwa agizo la gavana Ron DeSantis. Kelele za kitaifa zilikuwa zimeshapungua tangu Desemba 2015, Obama alipotia saini sheria mpya ya elimu inayomkataza Waziri wa Elimu wa Marekani kulishawishi, kulihonga au kulilazimisha jimbo lolote likubali Common Core. Illinois, mnakoondoka, ilivipokea viwango hivyo 2010 na haikujitoa.

Basi kama sheria haimgusi mtoto, pengo liko wapi? Liko katika mpangilio wa madarasa. Texas na Illinois zinafundisha karibu mambo yaleyale katika hesabu, lakini haziyafundishi mwaka uleule, na mtoto anayehama anaweza kuruka jambo ambalo jimbo moja halijafika na jingine limeshamaliza. Tuwachukue wanao mmoja mmoja.

Wa mwisho anamaliza darasa la tatu. Kwa Common Core, darasa la tatu hufanya kazi hasa na namba zisizozidi 1,000. Namba kubwa zaidi, hadi milioni, zinamngoja darasa la nne. Kwa TEKS, wenzake wa Texas wameshacheza na namba hadi 100,000. Vilevile wenzake wameshafundishwa kuzidisha namba ya tarakimu mbili kwa ya tarakimu moja, pamoja na njia ya kawaida ya kuandika wima. Mpe mwanao 24 mara 6 leo. Akikuambia kwamba 20 mara 6 ni 120, na 4 mara 6 ni 24, jumla 144, yuko vizuri sana, mwonyeshe tu jinsi ya kuiandika wima na kubeba mbili. Akikuangalia tu, basi hiyo ndiyo kazi yenu ya mwezi wa sita. Texas pia hufundisha elimu ya fedha ndani ya hesabu tangu chekechea, mambo ya kipato, kuweka akiba na kukopa, ambayo Common Core haina, lakini hilo sio la kukuumiza kichwa. Mtoto aliyewahi kuona wazazi wakipanga kodi ya nyumba na fedha ya kutuma nyumbani atalielewa upesi. Jambo jingine dogo: watoto wa darasa la tatu Texas wanaandika mwandiko wa kuunganisha herufi. Common Core haiudai, ingawa Illinois ina sheria yake yenyewe inayotaka ufundishwe kabla ya kumaliza darasa la tano. Muulize mwalimu wake kama wameshaanza.

Wa pili ndiye ninayemwangalia kwa makini zaidi. Katika darasa la sita la Common Core mtoto hujifunza kwamba namba hasi zipo: anaziweka kwenye mstari, anajua hasi 7 iko kushoto kwa hasi 3, anasoma joto la chini ya sifuri, na kwa baridi ya Illinois somo hilo halihitaji mfano wa kubuni. Kuzijumlisha, kuzitoa, kuzizidisha na kuzigawanya kunafanyika darasa la saba. Texas hufanya hayo manne katika darasa la sita. Kwa hiyo mwanao ataingia darasa la saba Fort Worth, mwalimu ataandika ubaoni hasi 4 mara 6, au hasi 7 toa hasi 3, na wenzake wataona ni marudio ilhali yeye anaiona mara ya kwanza. Mtoto wa miaka kumi na miwili katika hali hiyo hasemi kwamba hajafundishwa. Husema hesabu hazimfai. Hilo ndilo pengo ambalo ningelishughulikia kabla ya mengine yote, na linazibika kwa wiki chache za kiangazi, nusu saa kwa siku, kwa kitabu chochote kizuri cha darasa la sita la Texas au kwa mitihani ya zamani ya jimbo ambayo hutolewa bure.

Utakuta pia kwamba darasa la nne na la saba ndizo ambazo Texas hufundisha historia ya Texas yenyewe, kwa hiyo wadogo wote wawili watarudi nyumbani na habari za Alamo na Sam Houston kwa wakati mmoja. Wataianza pamoja na wenzao, hawana deni.

Wa kwanza ana mazingira tofauti, kwa sababu kuanzia darasa la tisa kinachohesabiwa ni somo alilofaulu. Ili ahitimu Texas atahitaji masomo fulani pamoja na mitihani ya jimbo ya mwisho wa somo katika maeneo matano: Aljebra ya Kwanza, Kiingereza cha Kwanza na cha Pili, Biolojia, na Historia ya Marekani. Kama alishafaulu Aljebra ya Kwanza huko Illinois na wilaya mpya ikalipokea somo hilo, kanuni za jimbo hazimlazimishi kurudi nyuma kufanya mtihani wake. Ndiyo maana cheti chake rasmi cha masomo kina thamani kuliko kabati mtakalolipakia kwenye lori. Omba nakala iliyofungwa na kutiwa muhuri, uibebe mkononi, na siku ya kuandikisha muulize mshauri wa shule somo kwa somo: lipi limepokelewa, lipi halikupokelewa, na kwa nini.

Kuna eneo jingine ambalo Texas ina utaratibu wake yenyewe, na kwa familia kama yenu lina uzito kuliko Common Core. Kama yeyote kati ya watoto bado anapata msaada wa Kiingereza, Illinois humpima kwa mtihani wa muungano wa majimbo unaoitwa WIDA. Texas haimo katika muungano huo. Ina mtihani wake, TELPAS. Shule mpya itawauliza lugha ya nyumbani, na kamati maalumu ya lugha itaamua ndani ya wiki nne baada ya kuandikishwa kama mtoto anahitaji msaada. Ukiwapa matokeo ya WIDA, kamati itakuwa na cha kuanzia. Usikubali ushauri wa baadhi ya ndugu zetu wa kuandika kwamba nyumbani mnazungumza Kiingereza ili mtoto "asitengwe". Ukiandika hivyo, umemnyima msaada ambao sheria inampa bila malipo, na ikiwa atayumba katika masomo, shule haitajua kwamba tatizo ni lugha.

Umeuliza kama mume atangulie ninyi mbaki mwaka mmoja. Kwa sababu za shule peke yake, sioni faida. Mwezi wa saba ndio wakati bora wa kuhama, kwani Illinois imeshafunga na Texas hufungua katikati ya Agosti. Mtoto anayehamishwa Januari ndiye anayepata shida zaidi, maana anakuta mada zimefika katikati. Mkibaki mwaka mmoja, pengo halitatoweka, litahama tu kutoka mada moja kwenda nyingine, na watoto watakuwa wamekaa mwaka mzima bila baba. Kama mna sababu nyingine, za ujauzito, za matibabu, za kodi mliyokwisha kuilipa, hizo ni za kwenu na zinaweza kushinda hoja yangu.

Wapo wazazi wanaotaka mtoto arudie darasa kwa hiari ili "ashike vizuri". Sikushauri. Pengo la mada tatu au nne halistahili mwaka mzima wa maisha ya mtoto, na mtoto anayerudia darasa bila kuelewa kosa lake hubeba aibu. Wala usiogope mtihani wa jimbo, STAAR, kwamba utamrudisha. Zamani mtoto wa darasa la tano au la nane angeweza kuzuiwa kupanda kwa sababu ya mtihani huo, lakini utaratibu huo uliondolewa mwaka 2021, na anayefeli hupewa masomo ya ziada. Bunge la Texas limeamua pia, kwa sheria ya 2025, kuubadilisha mtihani huo kwa mitihani mifupi mitatu kwa mwaka kuanzia mwaka wa masomo wa 2027 hadi 2028, kwa hiyo yule mdogo hataufanya kwa muda mrefu.

Njia nyingine inayotajwa ni shule binafsi, ambazo hazifungwi na TEKS wala na marufuku ile. Zipo nzuri. Lakini ukilipa ada kwa kuikimbia sheria ya Common Core, umelipia kukimbia kitu ambacho hakikukufukuza. Shule za mkataba (charter) nazo ni za umma na ziko chini ya viwango vya jimbo kama nyingine.

Kabla hamjaondoka, mwombe kila mwalimu wa hesabu wa sasa akuandikie nusu ukurasa tu: mada alizomaliza na mada ambazo mtoto bado anayumba. Pamoja na hiyo chukua ripoti za mwaka, kadi za chanjo, vyeti vya kuzaliwa au hati mlizoingia nazo nchini, na kama mtoto ana mpango wa elimu maalumu, nakala yake kamili. Texas inampa mzazi hadi siku 30 baada ya kuandikisha kuleta kumbukumbu za shule ya awali, kwa hiyo karatasi moja ikipotea njiani, mtoto hapaswi kukaa nyumbani akiisubiri.

Kuna hali chache ambazo maandishi yangu hayatoshi na unahitaji kukaa na mtu ana kwa ana. Ya kwanza ni kama shule itataka kumweka mtoto darasa la chini ya lile alilostahili kwa ripoti zake. Omba kikao na mkuu wa shule, omba sababu kwa maandishi, na usitie saini siku hiyohiyo. Ya pili ni kama masomo ya mkubwa yatakataliwa, kwa sababu kosa la darasa la kumi hugunduliwa darasa la kumi na mbili, wakati muda umekwisha. Hapo mwone mshauri wa shule, na asipokusikiliza, nenda ofisi ya wilaya. Ya tatu ni kama, baada ya miezi miwili au mitatu, yule wa darasa la saba bado hawezi namba hasi licha ya msaada, au anaanza kuchukia shule. Hapo tatizo huenda si mpangilio wa majimbo tena, na anahitaji kupimwa na mtaalamu.

Katika vikao vyote hivyo una haki ya mkalimani wa Kiswahili bila malipo, kwa sababu Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inaizuia shule inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mzazi kwa asili yake ya kitaifa, na kumwacha asielewe kinachosemwa kuhusu mtoto wake ni aina ya ubaguzi huo. Usikubali mtoto wako akutafsirie, hasa kikao kikiwa kinamhusu yeye mwenyewe. Ombi la mkalimani lipeleke siku kadhaa kabla ya kikao, kwa barua pepe au karatasi yenye tarehe, na nakala ibaki kwako. Wakala wa wakimbizi aliye karibu nanyi Fort Worth anaweza kukuandikia barua hiyo ya kwanza, na nyingine utaziiga.